Majivu na Mihogo Isiyooza

Nakuwekea dau kwamba hutaniamini. Na mimi siweki dau la maneno matupu, naweka ile baiskeli nyekundu inayoning'inia kibandani kwangu, ile watu wanayokuja kuitazama kama bibi harusi. Ukiamini kila neno mpaka mwisho, njoo uichukue. Najua hutakuja.

Mwaka ule tulipokuwa tunakunywa uji mwepesi mpaka unaona uso wako kikombeni, mume wa dada yangu alikuwa anachoma mihogo. Mihogo mizima, myeupe, haina doa. Na si kuchoma kwa kula. Anaipanga shimoni, anamwaga mafuta ya taa, anawasha, anasimama na mti mkononi akigeuzageuza mpaka hakuna kilichobaki. Kisha anafukia. Jioni anarudi nyumbani kunywa uji uleule tunaokunywa wote.

Ndiyo maana tukamwita Majivu. Jina nilimpa mimi, kama majina yote mazuri mtaani kwetu.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, mpaka leo tunabishana. Lakini niletee gurudumu lililopinda kama nyoka, nitakurudishia limenyooka kuliko ulivyolinunua. Watu wananisifu mbele ya macho yangu, na wasiponisifu najisifu mwenyewe, kazi isilale.

Majivu yeye ni kinyume changu. Maneno yake unaweza kuyaweka mfukoni na bado ukapata nafasi ya kitambaa. Alipompenda dada yangu hakumwambia mtu. Alileta baiskeli kwangu, akasema tairi la nyuma linavuja. Nikautia mpira majini, hakuna hata povu. Kesho yake akarudi, eti sasa ni la mbele. Nikamwambia, "Kaka, kinachovuja hapa ni wewe. Dada yuko uani anaosha vyombo, nenda." Akaenda. Akasimama pale kama nguzo ya umeme mpaka dada akamwonea huruma, akampa sufuria asugue. Alisugua ile sufuria mpaka unaweza kunyolea ndevu ndani yake. Hivyo ndivyo walivyooana.

Na hivyo ndivyo alivyo katika kila kazi. Amechimba mitaro, amebeba matofali, amepakia magunia kwenye malori. Hajui kuacha kitu nusu. Ukimwambia chimba hadi magotini, atapima na goti lake.

Sasa mihogo. Kwetu muhogo ndio chakula cha siku mbaya. Mahindi yakikataa, unajua shambani kuna kitu kimelala chini kinakusubiri. Mama yetu, mimi na dada, alikuwa na shamba nyuma ya nyumba yake, na tangu baba afariki shamba hilo ndilo lililomfanya asiende kwa mtu kuomba. Mama hawezi kuomba. Hata chumvi anaazima kwa kuamrisha.

Ule ugonjwa ulipoingia, uliingia kimya. Majani yako kijani, mti umesimama, unapita unasema mwaka huu tumepona. Nilikuwepo siku Mama alipong'oa shina la kwanza. Likatoka na mizizi minene, nikasema, "Mama, hii tukiila wawili tu, majirani watatuita walafi." Akaikata katikati. Ndani kulikuwa na michirizi ya kahawia, mikavu, migumu kama kizibo cha chupa. Akakata wa pili. Akang'oa shina lingine. Mstari mzima akaukata pale alipochuchumaa. Mwisho akafuta kisu kwenye gauni lake, akaniambia, "Wape majirani habari wasipoteze nguvu kupalilia."

Ng'ambo ya barabara ya lami kulikuwa na shamba la majaribio, limezungushiwa waya. Wataalamu walichukua muhogo wetu huuhuu, wakaubadilisha ndani kabisa, kwenye asili yake, ili usipate ule ugonjwa. Majivu alipata kibarua humo. Kazi yake ilikuwa kupalilia, kukata maua yasije yakachanua nyuki wakabeba unga wake mpaka mashambani kwetu, kung'oa, kupima, na kuchoma. Siku ya kwanza walimkalisha chini wakamweleza kwamba hata kijiti kimoja hakitoki, na hata kipande kimoja hakiliwi. Akasema sawa. Kwa Majivu, "sawa" ni hotuba.

Ile siku ya kwanza ya kuchoma siisahau. Unajua muhogo ukiungua unanukaje? Unanukia chakula. Harufu ilivuka barabara, ikaingia mtaani, ikapita dirisha hadi dirisha. Watu walitoka nje. Hawakupiga kelele. Walisimama kwenye waya na pua zao, wazee kwa watoto, wakimtazama mtu mmoja na mti wake anageuza chakula kiwe makaa. Mpwa wangu, binti yake Majivu, alinishika mkono akaniuliza, "Mjomba, baba anatupikia?"

Nikamwambia baba yako anapikia ardhi. Nilidhani ni utani mzuri. Hakucheka.

Mtaalamu mkuu wa pale, mama mmoja wa miwani na mabuti yenye tope, alikuwa na baiskeli ambayo mnyororo wake ulikuwa unachomoka kila akipanda kilima. Kwa hiyo alikuwa mteja wangu, na mteja wangu namuuliza ninachotaka. Nikamweka kwenye kreti nililoligeuza kiti.

"Mama Mtaalamu, hii mihogo yenu haiozi?"

"Mpaka sasa haijaoza."

"Ina sumu?"

"Hatujaona dalili yoyote. Ukiniuliza mimi mwenyewe, ningeila leo."

"Maana kuna wanaosema ukiila unaota mkia."

"Wewe fundi mkia ungekupendeza. Ungepata wa kushika tochi."

Nilimpenda kuanzia hapo. Lakini nikamuuliza lile lenyewe. "Sasa kwa nini mnachoma?"

Akavua miwani akaifuta. "Kibali hakijatoka. Vipimo havijaisha. Na fikiria, fundi, nikigawa leo, kesho mtoto mmoja akashikwa homa, homa ya mbu tu, watasema ni mihogo. Kazi yote tunaizika naye."

"Na mtoto akifa njaa wakati bado mnapima?"

Akarudisha miwani usoni. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi," akasema. "Ila nisikudanganye. Hii mihogo haitamaliza njaa. Itamaliza kuoza. Mvua ikigoma, nayo itakauka kama mingine. Daraja likienda na maji, nayo haitafika sokoni. Itaziba tundu moja."

"Mimi naziba matundu kila siku," nikamwambia. "Ukiziba moja la kweli, baiskeli inatembea."

Kibali chenyewe, mpaka nakueleza haya, tunaambiwa kiko njiani. Nadhani kinakuja kwa miguu.

Basi sikiliza alichofanya Mama.

Ijumaa wanawake waliruhusiwa kuokota kuni pembeni ya lile shamba. Siku moja Majivu na wenzake walikuwa wameng'oa, miti ya mihogo wameilaza karibu na shimo kwa marundo mawili, moja limefungwa utepe mwekundu, lingine wa buluu. Wenzake walikuwa wamekwenda kunywa maji, na Majivu alikwenda kuchukua mafuta ya taa. Mama, mzigo wake wa kuni chini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia langoni. Unaweza kudhani alinyakua na kukimbia. Wapi! Mama alichagua. Alitembea kwenye yale marundo kama yuko sokoni, akishika, akibonyeza, akirudisha. Mwisho akakata miti ya rundo moja tu, akaichomeka katikati ya kuni, akajitwika, akaenda zake taratibu kama mtu anayetoka kanisani au msikitini.

Yote haya alinihadithia mwenyewe, na nakuapia alikuwa anajisifu. Unadhani mimi tabia hii nimeirithi wapi?

"Nimechukua ile minene," akasema. "Macho ya mti yamekaribiana, ganda laini, halina kovu. Ile mingine ilikuwa myembamba, kama miguu yako."

Akakata pingili, akapanda uani nyuma ya jiko, akaweka matawi makavu juu watu wasione. Na mimi, mwenye mdomo huu unaoujua, nilinyamaza. Mara ya kwanza maishani. Naomba iandikwe mahali.

Wiki kadhaa baadaye pingili zikachipua, kijani kibichi, nzuri ajabu. Alasiri moja niko kwa Mama natengeneza bawaba ya mlango, Majivu akaingia uani. Begani ana jembe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Jembe la nini saa hizi?"

Akatazama chini. Mbele ya mama mkwe wake ni hivyo, macho yake huwa yanatafuta sisimizi. "Nimekuja kuing'oa hii."

"Hii ipi?"

"Iliyotoka kwenye rundo."

Kwa hiyo alijua. Aliona rundo limepungua, akakumbuka kuni za nani zilipita, akakaa na siri hiyo muda wote huo.

Mama akaweka mikono kiunoni. "Mkwe wangu, umemaliza kuchoma ya wenye waya, sasa umekuja kuchoma ya kwangu?"

"Mama, ulichukua rundo la utepe mwekundu."

"Nilichukua lililo bora."

"Lile siyo lililotengenezwa. Ile ni mbegu yetu ya kila siku. Wanaipanda ubavuni mwa ile nyingine wapate kulinganisha. Inaugua mbele ya macho yao, wanaandika. Hiyo hapo tayari inaugua. Itaoza."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo mmoja. Mama akaitazama ile mihogo yake, majani yake mapana, akamtazama tena.

"Nimechagua mbegu tangu mama yako hajakuzaa. Hii umeiona imenenepa, sasa unataka kulinda kibarua chako. Sema kweli."

"Kweli nimeshasema, Mama."

"Haya. Na kama ningechukua hilo rundo lingine, la buluu, lisilooza. Ungekuja?"

Majivu akashusha jembe. "Ningekuja."

"Na jembe?"

"Na jembe, Mama."

Nilijikuta natafuta msumari ambao ulikuwa mkononi mwangu. Mama alisema polepole, sauti yake imeshuka, na Mama akishusha sauti kaa mbali. "Toka uani kwangu. Usirudi mpaka nikuite."

"Sawa, Mama. Ukiniita nitakuja."

Akaweka jembe begani, akatoka.

Baada ya hapo nilimcheka sana Majivu kibandani. Niliwaigiza wote wawili, jembe na vyote, ila ile mihogo ilitoka wapi sikusema, na wateja walikuwa wanashika mbavu. Mpaka siku moja dada yangu akaja, akakaa kwenye kreti, akasubiri watu waondoke.

"Usimcheke mume wangu na jembe lake."

"Dada, mtu anataka kumng'olea mkwewe chakula, nisimcheke?"

Akanieleza kitu ambacho kwa miaka yote hiyo Majivu hakunieleza mimi, shemeji yake, na mimi namjua mpaka saizi ya spoku zake. Alipokuwa kijana, katika njaa nyingine, alikuwa mpakiaji kwenye ghala la mbegu. Mahindi ya kupanda, yamepakwa unga mwekundu wa kuua wadudu. Gunia lilipasuka, akazoa yaliyomwagika sakafuni kwenye shati lake, akapeleka nyumbani. Mama yake aliyaosha. Akayaosha tena, na tena, mpaka maji yakatoka meupe kabisa, huoni hata chembe ya wekundu. Akapika. Mdogo wake Majivu alipewa kwanza, kwa kuwa ndiye alikuwa mdogo kuliko wote. Hakuamka.

"Maji yalikuwa safi," dada akasema. "Hilo ndilo analolirudia akiota. Maji yalikuwa safi."

Nilikuwa na pampu mkononi. Nikaiweka chini.

"Lakini dada, ile ilikuwa sumu. Hii siyo sumu. Mtaalamu mwenyewe kaniambia angeila."

"Alikuambia angekula yeye. Alikuambia uwape watoto?"

Akainuka, akakung'uta gauni, akaniambia nimzibie mwanawe tundu la mpira wake wa kuchezea kabla hajamsumbua tena. Nikauziba.

Njaa haikuisha. Mvua zilikuja nusu, zikaondoka. Mama alikonda, mikono yake ikawa mirefu, lakini kila asubuhi anakwenda nyuma ya jiko kuitazama mihogo yake. Ikampita kimo. Alikuwa anaiongelesha. Hakungoja ikomae, njaa ilimsukuma. Akaniita nishuhudie, maana alitaka shahidi mwenye mdomo, nikatangaze kwamba mkwe wake ni mwongo.

Aling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa minene kama mkono wangu. Mkono wangu wa kulia, wa kazi. Akachukua kisu.

Mstari wa kahawia ulipita katikati kama ufa kwenye sahani.

Mama hakukata wa pili. Akakaa chini pale pale kwenye udongo, kisu mapajani. Akasema, "Mwite."

Majivu alikuja na jembe lake. Akaamkia, akaitikiwa. Akang'oa shina baada ya shina, akayarundika, hakusema "si nilikuambia", hata uso wake haukusema. Alipoinama kuwasha moto, Mama akamshika bega. Sijawahi kumwona Mama akimshika mkwe wake bega.

"Baba," akamwita. Alimwita baba. "Sasa nimejua ni utepe upi. Mwezi ujao mnang'oa tena. Niletee pingili chache za buluu. Chache tu. Sitamwambia mtu, na huyu mpiga domo nitamshona mdomo mwenyewe. Sina kitu ardhini, mwanangu. Mwakani sitakuwa na cha kung'oa."

Mama yangu aliomba. Nilisikia kwa masikio haya.

Majivu alipuliza moto mpaka ukashika. "Nimesikia, Mama," akasema. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Kuanzia siku ile Mama alianza kulima matuta. Peke yake, alikataa nimsaidie, alisema nalima kama kuku. Aliyapanga vizuri, udongo umeinuliwa laini, mashimo tayari, anangoja pingili tu. Mimi nikamwambia dada, "Ataleta." Dada akasema hajui. Nikamwambia, "Mimi najua watu. Hakuna mwanaume mwenye moyo aliyeombwa vile akakataa. Ataleta." Na kwa kweli nilitaka alete. Nilimwona mama yangu akinywa uji wake nusu na kusema ameshiba. Ningekuwa mimi ndiye niliye ndani ya ule waya, ningetoka na shamba zima kwenye keria ya baiskeli.

Siku ikafika. Mchana tukauona moshi ng'ambo ya barabara, na ile harufu ikaja tena, ikaingia mpaka uani. Mama alikaa kwenye kizingiti akitazama matuta. Dada alikaa karibu naye, mimi nikasimama, kwa kuwa kukaa sikuweza. Jua lilikuwa bado lipo tuliposikia baiskeli. Kengele ile naijua, niliifunga mimi. Majivu akaingia uani, miguu imejaa tope la bondeni, shati linanuka moshi. Nyuma kwenye keria kuna gunia, limefungwa kwa kamba, limenenepa.

Nikamnong'oneza dada, "Si nilikuambia? Hiyo ndiyo mihogo."

Akashusha gunia. Akafungua kamba bila haraka, akalimimina kando ya matuta.

Yalikuwa marando, mashina ya kupandia viazi vitamu. Mabichi, mengi, yamelowekwa maji yasinyauke. Alipomaliza kufukia shimo lake alikuwa ameendesha mpaka bondeni kwa mtu aliyewahi kubeba naye matofali, akayakata mwenyewe.

"Viazi vinawahi, Mama," akasema. "Kabla ya mwaka kuisha utakuwa unachimba."

"Nilikuomba mihogo."

"Najua, Mama."

"Leo umeichoma?"

"Yote."

Mama akamtazama. Nikadhani atamfukuza tena, na safari hii kwa kisu. Majivu hakutikisika, alisimama vilevile kama siku ile ya sufuria, anangoja aambiwe la kufanya. Kisha akainama, akashika rando la kwanza, akalilaza kwenye shimo Mama alilolichimbia muhogo, akafukia kwa mkono. Akaenda la pili.

Mama aliinuka kwenye kizingiti. Akachukua ndoo.

"Usiyaachanishe hivyo," akamwambia. "Viazi vinataka kukaribiana." Akaenda kuchota maji.

Tulipanda wote wanne mpaka matuta yakaisha.

Nilimwambia dada yangu kwamba ndani ya lile gunia kuna mihogo. Nilikosea.